Sura ya Saluni na Sura ya Simu

Mama Pacha aliingia saluni ya dada yake na mtoto mmoja mgongoni, mwingine kiunoni. Watoto walikuwa wanalia. Yeye mwenyewe alikuwa karibu kulia.

"Dada, leo ndiyo siku ya mwisho," alisema. "Nisipothibitisha sura yangu kwenye simu, natolewa kwenye posho ya watoto. Na maziwa yameisha tangu jana."

"Sura?" Dada aliacha kumsuka mteja wake. "Serikali ikuone ukiwa hivyo? Utatuaibisha! Kaa hapa."

Dada huyu hakubali ndugu yake apigwe picha bila kupita mikononi mwake. Basi akaanza. Alimchora nyusi. Akambandika kope. Akamvika wigi lililofika mabegani. Mteja hakulalamika, kwa sababu alikuwa amesinzia kitini, kichwa nusu kimesukwa. Hata mapacha walinyamaza. Walimkodolea macho mama yao, wasimjue.

Mama Pacha aliinua simu. Simu ikaandika: *Sura hailingani na kitambulisho.*

"Rangi ya mdomo haijakolea," alisema Dada, akaongeza.

Simu ikakataa tena. *Limebaki jaribio moja.*

Mama Pacha akaangua kilio. Wanja ukatiririka mpaka kidevuni. "Wanangu watakunywa nini, Dada?"

Kilio kile kilimwamsha mteja. "Kuna msiba?" aliuliza. Alipoelezwa, aliruka kitini. "Usiiguse hiyo simu! Mimi nafanya kazi ofisi ya ustawi wa jamii. Lete kitambulisho."

Alitazama picha. Palikuwa na msichana mwenye nywele fupi, hana hata poda.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Na huyu aliyekaa hapa?"

"Ni yeye huyohuyo," Dada alidakia. "Nimemboresha tu."

"Basi umemboresha mpaka amepotea! Simu haitafuti mrembo, mama. Inamtafuta huyu wa kwenye kitambulisho. Vua wigi. Osha uso. Kaa ukitazama mlango ili mwanga ukupate usoni, usiwe mgongoni. Shika simu sawa na macho, utulie. Na zile namba za siri zitakazoingia kwenye simu, usimtajie mtu yeyote. Hata mimi."

"Kazi yangu yote inakwenda na maji," Dada alinung'unika, lakini alileta beseni.

Uso ulipotakata, mapacha walipiga kelele na kunyoosha mikono. Sasa walimtambua mama yao. Mama Pacha akainua simu sawa na macho. Simu ikafikiri. Ikaandika: *Umethibitishwa.*

Walishangilia mpaka yule mteja akasahau muda wake wa mapumziko umekwisha. Alirudi ofisini mbio, kichwa nusu kimesukwa.

Posho iliingia, na mapacha wakapata maziwa. Siku hizi akina mama wengi hupita saluni kabla ya kuthibitisha sura. Dada amebandika tangazo mlangoni: *Tunapamba kwa ajili ya harusi. Tunaosha kwa ajili ya serikali. Bei ni ileile.*