Nyusi za Zuwena

Kila alasiri akirudi kutoka shuleni, Mwasiti alichota maji bombani, akafagia uwanja wa nyumba yao pale Ngokolo, mjini Shinyanga, kisha akakaa na dada yake Zuwena kuchagua mchele. Wiki ile kazi zilizidi, maana Zuwena alikuwa anaolewa Ijumaa. Bi Mwahija, mpambaji wa maharusi, alikuwa ameshuka kwa treni kutoka Tabora.

Mwasiti hakuwahi kuona mkono kama ule. Jioni aliyofika, Bi Mwahija alimpaka nyusi jirani yao Limi, ambaye alikuwa amezoea kupakwa naye. Alikoroga unga wa piko kwa maji kidogo, ukawa mweusi tii. Akachovya njiti, akaanza kuchora unywele mmoja baada ya mwingine. Mwasiti alibaki mdomo wazi. Uso aliouona kila siku bombani ulikuwa unageuka mbele ya macho yake, kana kwamba ulikuwa umelala na sasa unaamshwa.

"Wabeja, mama!" Limi alishukuru kwa Kisukuma, akijitazama kiooni bila kuchoka.

Zuwena akasogea. "Na mimi, Bi Mwahija."

"Wewe sijawahi kukupaka, mwanangu. Piko si wanja. Wanja ukiuosha hutoka. Piko hukaa hata wiki mbili, na ngozi ikiikataa, macho hufumba kwa uvimbe. Na usinyoe nyusi kwa wembe. Ngozi yenye mikwaruzo sipaki."

Akamtia tone dogo nyuma ya sikio. "Pakiwasha au pakivimba, niambie. Usinifiche."

Jumatano, Mwasiti aliingia chumbani akamkuta dada yake anajikuna huku amekunja uso. Nyuma ya sikio palikuwa pamevimba, pana malengelenge.

"Dada! Twende kwa Bi Mwahija!"

Zuwena akavuta ushungi haraka. "Nyamaza! Mawifi zangu wote wanakuja kutoka Mwanza. Unataka wanione nyusi zangu hizi za kuhesabika? Ukisema, mimi na wewe basi."

Mwasiti hakwenda kwa Bi Mwahija. Alimpenda dada yake kuliko mtu yeyote, na yeye pia alitamani kuuona uso ule ukiamshwa.

Alhamisi jioni, Bi Mwahija alikoroga piko. "Haya, sikio linasemaje?"

"Salama tu," Zuwena alijibu, ushungi umemkaza hadi mashavuni.

Njiti ikachovywa. Ikainuliwa. Ilipokaribia jicho la dada yake, Mwasiti akapaza sauti.

"Bi Mwahija, usimpake! Sikio limevimba!"

"Mwasiti!" Zuwena alimkata jicho kali.

Bi Mwahija aliufunua ushungi taratibu. Alitazama, akaweka njiti chini, akaenda kumwaga piko yote nje. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimeshaona bibi harusi akipelekwa hospitali siku ya kupelekwa kwa mumewe. Hakuwa anaona njia."

Zuwena akaangua kilio. "Sasa nitatokaje mbele za watu?"

"Utatoka na macho yako mawili. Kwanza twende zahanati."

Kesho yake, sikio likiwa limetiwa dawa, Bi Mwahija aliomba wanja ambao Zuwena alijipaka miaka yote bila kudhurika. Alizichana nyusi zile chache, akazifuata zilikotaka kwenda, akachora. Mama yao alijifunika mdomo kwa kiganja, na Mwasiti akasahau hata kupepesa macho. Hakuwa mtu mwingine yule aliyetokea. Alikuwa Zuwena yuleyule, lakini hawakuwahi kumwona waziwazi hivyo.

Zuwena alijitazama kiooni kwa muda mrefu. Kisha akamvuta Mwasiti, akamkumbatia. "Nisamehe, mdogo wangu. Ningekuwa kipofu leo."

Bi Mwahija aliwatazama wote wawili.

"Kupenda kupendeza si kosa," alisema. "Lakini kabla hujatia kitu usoni, uliza ni kitu gani, kitakaa muda gani, na anayekutia anakijua vipi. Kijaribu mahali padogo, usubiri. Ngozi ikikataa, iamini. Na wewe, Mwasiti, ukimwona unayempenda anaficha maumivu, sema, hata akikununia. Atanuna leo, lakini kesho atakuwa na macho ya kukutazama."