Mstari Uliopita Mlangoni Pake

Mstari ulikuwa umelowa. Hanifa aliugusa kwa kidole, akanusa: shombo, na ndani ya shombo harufu ya udi. Ramani yote ya bahari ilikuwa kavu, isipokuwa ule mstari wa penseli alioupiga jana.

Kazi yake, katika ofisi ndogo pale Msambweni, ilikuwa kuipangia njia meli ya mizigo: ipite wapi, ikwepe mwamba gani, igeuke wapi. Nahodha wa meli hiyo alikuwa mumewe, Alfani, na asubuhi hiyo alikuwa ameshang'oa nanga.

Wapangaji wa upande huu, wakifika usawa wa mwamba wa Bodo, huinua penseli wakaacha pengo, maana pale pana mwenyewe, jini wa mwambani. Pengo ndiyo hodi yao. Jana meneja mgeni alisimama nyuma yake akitazama, Hanifa akaona haya, akapiga mstari mzima. Haya gani hizo, za kumponza mume?

Akachukua raba, akaufuta. Mstari ukarudi mbele ya macho yake, ukijipinda polepole kuelekea mwambani.

Akampigia simu Mwanapili, mganga wa Munje.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona wanong'ona?"

"Atanisikia. Nimepita mlangoni pake bila hodi."

Mwanapili alikuja na chetezo, akafukiza ubani, akasoma, akanyunyiza marashi mpaka ramani ikakauka na shombo likaisha.

"Humu ametoka," alisema.

Hanifa alishusha pumzi, akalia kwa furaha, kisha moyo ukampasuka, kwa kuwa humu alikuwa ametoka lakini hakuna aliyesema amekwenda wapi, na Alfani alikuwa huko nje na watu wake, wakiukaribia mwamba, nao hawakuwa na habari, akainyakua redio ya kuzungumzia na meli.

"Baba Ummi, nakusihi, usigeuke! Shika njia ile ile!"

Redio ilikoroma. Kisha Alfani akajibu, sauti ya mtu aliyechanganyikiwa.

"Mama Ummi, nishike lipi? Si wewe unayeniambia tangu asubuhi nigeuke?"

Hanifa alifungua mdomo kumkanya, lakini sauti nyingine ikamtangulia.

"Geuka, Baba Ummi," redio ikasema kwa upole, kwa sauti yake Hanifa. "Huyo mwingine usimsikilize."

"Haya, mke wangu," Alfani akajibu. "Nageuka."