Waliokuwa Nyuma ya Mwezi

Rafiki yangu Glody, fundi simu wa mtaa wa Overport, hanywi pombe wala hatii chumvi katika habari. Jioni moja alipeleka betri ya redio ya mawasiliano kwa mzee mmoja wa mtaa wa Queensburgh. Ujanani mzee huyo alikuwa kati ya walioongoza, kutoka ardhini, safari za kwanza za watu kwenda mwezini.

Kabla Glody hajaifunga betri, umeme ulikatika. Gizani mzee akashika kipaza sauti, akamwita marehemu mkewe, akasikiliza, akaita tena.

"Mzee, redio haina betri. Ninayo hapa mfukoni."

"Chombo kikipita nyuma ya mwezi, sauti hukatika," mzee akasema. "Kazi yetu ilikuwa kuita tu mpaka watokee. Wewe huna wa kumwita?"

Glody alikuwa na binti, Ghislaine, aliyezama ziwani walipokimbia vita. Tangu hapo hakuwahi kulitamka jina hilo, maana lilimkata maini. Safari hii akalitamka, polepole.

Redio ikaanza kukwaruza. Glody akapapasa mfuko. Betri ilikuwa humo.

"Papa," sauti ya binti yake ikasema redioni, "niko nakuita kila siku. Sababu gani haunijibu?"