Kazi Inayomfaa Tijana

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi Slavoljub alichemsha kahawa, akakata mkate, akapaka jibini laini. Kipande cha kwanza kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa cha binti yake Tijana, nacho sharti kiwe na pembe nne sawasawa. Kikipinda, Tijana hakili.

Tijana alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na usonji tangu kuzaliwa. Aliongea kidogo. Hakupenda kuguswa. Kelele zilimuumiza kama sindano. Alimaliza shule yake pale mjini Leskovac, nchini Serbia, akiwa na miaka kumi na tisa, na tangu hapo alikuwa nyumbani tu.

Mama yake alishafariki. Slavoljub alikuwa fundi wa reli mstaafu, na moyo wake ulikuwa mgonjwa. Wazo moja lilimtafuna usiku na mchana: "Nikifa, huyu atapelekwa wapi?" Jibu alilijua. Nje ya mji kuna makao ya watu wasio na wa kuwatunza. Huko watu wazima huketi kwenye benchi tangu asubuhi, wakingojea supu. Slavoljub aliwahi kumtembelea binamu yake huko mara moja. Hakuweza kurudi.

Siku ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa nyumba yao, wageni walikuja kama kila mwaka. Mahali pa heshima alikaa Blagoje, aliyemsimamia Slavoljub siku ya harusi. Kwao msimamizi wa harusi ni zaidi ya ndugu, na neno lake halikataliwi. Tena mjini pale kazi haitafutwi kwa barua. Inatafutwa kwa mtu anayemjua mtu.

"Jamaa yangu mmoja ana duka la mikate," alisema Blagoje, akitoa mwiba wa samaki mdomoni. "Anataka muuzaji. Nimeshaongea naye."

"Umemweleza habari ya usonji?"

"Wewe nawe! Nimweleze ili iweje? Nimesema msichana ana haya tu. Akishazoea, nani atajua?"

Slavoljub alisita. Lakini utamkatalia vipi msimamizi wako, mezani pako, siku ya mtakatifu wako? Akamjazia glasi.

"Mungu akulipe, ndugu yangu."

Tijana alikuwa amekaa palepale. Hakuna aliyemuuliza neno.

Duka lilifunguliwa saa kumi na moja alfajiri. Foleni ilifika mlangoni. Masinia yaligongana, redio iliimba, na watu walipaza sauti: "Pai mbili za nyama! Moja ya jibini! Fanya haraka binti, basi linaniacha!"

Siku ya tatu mama mmoja aliuliza, "Pai hizi ni za leo?"

"Hapana," alijibu Tijana. "Ni za jana. Tumezipasha moto."

Foleni nzima ilicheka, isipokuwa mwenye duka. Alimfokea mbele ya wote. Sinia likaanguka kwa kishindo. Tijana akaingia chini ya kaunta, akaziba masikio, akaanza kujigonga kichwa ukutani.

Slavoljub alipofika kumchukua, mwenye duka alimwambia, "Umeniletea mashine mbovu. Mimi mbovu siweki."

Jioni Blagoje alipiga simu. "Umeniaibisha."

"Si wewe uliyesema tufiche?"

Simu ikakatwa. Hakupiga tena.

Kuanzia hapo Tijana alilala mpaka mchana. Akiamka alisema maneno yaleyale: "Mashine mbovu. Mbovu siweki." Alisema hivyo Januari yote. Alisema hivyo Februari yote. Baba yake alimbembeleza, akamkemea, kisha akachoka. Siku moja hakukata mkate. Maji yalikuwa yamezidi unga. Alimwomba Mungu awachukue wote wawili siku moja, asitangulie mmoja.

Siku hiyo jirani wa chini, Mirjana, alimkuta amekaa kwenye ngazi na mfuko wa takataka, analia. Mirjana alifanya kazi katika chama cha wazazi wa watu wenye usonji. Aliwatafutia vijana ajira, kisha akakaa nao kazini mpaka wazoee.

"Jirani, miaka yote hii mbona hukuniambia?"

"Aibu."

"Mficha uchi hazai, jirani. Mmemficha mwenye duka ukweli, na aliyeumia ni binti."

Kesho yake alipanda juu, akaketi mezani. "Tijana, unapenda kufanya nini?"

"Huyu anapenda sana..." alianza Slavoljub.

"Umeulizwa wewe? Kunywa kahawa yako."

Wakangoja. Dakika moja ikapita. Mbili. Slavoljub alitokwa na jasho kwa hamu ya kujibu.

"Kitambaa," alisema Tijana mwishowe. "Na kimya."

Slavoljub aliinamisha kichwa. Miaka ishirini na mitatu alikuwa akimjibia, kwa sababu hakuwahi kungoja dakika mbili.

Mirjana alileta mashuka kumi ya kuazima. Tijana alipitisha vidole kwenye kila pindo, akatenga matatu. Mirjana hakuona kasoro yoyote. Aliyapeleka dirishani, akainama, ndipo akaona mahali uzi uliporuka.

"Sikiliza, jirani," alisema. "Usonji si ugonjwa wa kuponywa, wala si upumbavu. Binti yako anasikia na kuona kwa namna yake. Kelele usiyoijali wewe, yeye inamuumiza. Kasoro usiyoiona wewe, yeye haimpiti. Basi usitafute kazi yoyote tu ukamsukumia humo. Anza na yeye: nini anaweza, nini kinamuumiza. Kisha mwambie mwajiri ukweli wote, na wajaribiane kwanza."

Kusema ni rahisi. Mwajiri wa kwanza alisema "Mungu awasaidie," akafunga mlango. Wa pili alikubali, lakini bila mshahara. "Ashukuru kwa kutoka nyumbani," alisema.

"Kazi ni mshahara na mkataba," alijibu Mirjana. "Bila hivyo ni utumwa wa kuchekeana."

Slavoljub alirudi nyumbani akaingia kitandani na viatu. "Heri tungebaki tulivyokuwa," alisema. "Tamaa inaumiza kuliko kukosa."

Mwezi wa Aprili walifika kwa Verica, mwenye karakana ya mashuka. Aliambiwa yote, hata yale ya Tijana kuingia chini ya kaunta.

"Nina washonaji kumi na wawili, kila mmoja na wazimu wake," alisema Verica. "Huyu angalau nimeelezwa mapema."

"Usonji si wazimu," alisema Mirjana.

"Basi nisamehe. Nielekeze."

Tijana alipewa meza katika chumba cha kukunjia, mbali na cherehani. Alipewa vifaa vya masikioni vya kuzuia kelele. Hatua za kazi zilichorwa ukutani: kunjua, pitisha mkono, kagua pindo, kunja, weka. Alifanya kazi tangu saa nne mpaka saa nane mchana. Wiki mbili za kwanza Mirjana alikaa kando yake.

Siku ya nne mtu alisogeza meza yake bila kumwambia. Tijana alipiga mayowe mpaka cherehani zikasimama. Slavoljub aliitwa. "Tumekwisha," alijiambia njia nzima. Alipofika alimkuta Verica na Mirjana wakiirudisha meza mahali pake.

"Kosa letu," alisema Verica akihema. "Tukitaka kuhamisha kitu kesho, tutamwambia leo."

Slavoljub alisimama na koti la binti yake mkononi, hajui alifanyie nini.

Baada ya miezi miwili Tijana alitia sahihi mkataba. Wateja walikuwa wameacha kurudisha mashuka yenye kasoro, na washonaji walitaniana: "Fumua hilo pindo, dada, kabla halijafika kwa Tijana!" Nyumbani hakusema tena habari ya mashine mbovu.

Lakini moyo wa Slavoljub ulikuwa mgonjwa uleule, na yale makao yalikuwa palepale. Alizoea mabaya mno. Kila simu ilipolia alijua ndiyo hiyo, wamemfukuza. Siku moja hofu ilimzidi, akaenda karakanani kabla ya wakati.

Tijana alivua vifaa vya masikioni, akatazama saa ya ukutani. "Saa sita na nusu."

"Najua, mwanangu. Nimekuja tu kuona kama..."

"Kazi inaisha saa nane. Nenda nyumbani, baba. Niko kazini."

Akavaa vifaa vyake, akakunjua shuka jingine.

Slavoljub alitoka, akaegemea ukuta, akalia bila kujificha. Mshonaji mmoja aliyekuwa nje akivuta sigara alishtuka.

"Mzee, kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," alisema Slavoljub. "Binti yangu amenifukuza. Ana kazi."