Kiti cha Gari la Kitaliano

Boneti ilikuwa ya moto. Mthamini wa magari ya mnada aliondoa kiganja, akamgeukia mwenye nyumba.

"Mama, mmeliwasha leo?"

"Kwa kipi, mwanangu? Halina betri wala tone la petroli tangu tumzike marehemu mume wangu."

Mthamini alijiambia ni jua, ingawa gereji ilikuwa na kivuli tele, akaendelea na kazi. Namba za chesisi na injini zilikuwa sawa na za kwenye kadi. Rangi nyekundu ilikuwa ya kiwandani, imepasuka kama visigino. Gari la mashindano la Kitaliano, zima kama lilivyotengenezwa. Isipokuwa kiti.

"Hiki si chake. Kimeshonwa juzijuzi. Mnadani hawalipokei hivi."

Mjane alishusha sauti. "Lazima walipokee, liondoke hapa. Binti yangu hali, halali, anashinda dirishani akisema kuna mtu anamwita kutoka humu. Mganga alisema ni dereva wake wa zamani, akakitoa kile kiti cha asili, akakifunga kwa kitambaa cheupe na kukiweka stoo. Akasema kisirudi hata kwa dawa."

"Mganga anajua nini habari za mnada? Nakifunga, napiga picha, nakitoa. Dakika kumi tu, kisha nawapitia wanangu shuleni."

Mjane alisita, kisha akaenda kukileta.

Boliti zilikuwa nne. Ya nne ilipokaza, gereji ikanuka nywele zilizoungua, na mthamini, kamera ikiwa bado mkononi, akaona ngozi ya kiti ikibonyea polepole kama mtu mzito anayeketi, huku injini isiyo na petroli ikianza kunguruma chini chini, na binti akaja peku kutoka ndani, macho wazi bila kupepesa, akajipenyeza nyuma ya usukani na kufungua mdomo.

"Nani kanirudishia kiti changu?" Sauti ilikuwa nzito, ya kiume.

"Mwanangu!" mjane alilia.

Mthamini aliingia uvunguni na spana. Boliti ziliunguza vidole, hazikusogea hata chembe.

"Mwache mtoto wa watu!" alipiga kelele. "Chukua kiti kingine, nakupa, chukua chochote!"

Boliti zikalegea zenyewe, zote nne, zikaanguka sakafuni. Injini ikanyamaza.

"Mama," binti alisema kwa sauti yake, "nina njaa."

Mjane alimkumbatia, akicheka na kulia. Mthamini alitoka uvunguni.

"Pole, dada," binti alimwambia, akitazama getini. "Yule baba mwenye kofia ya ngozi umekuja naye?"

"Baba yupi?"

"Aliyekaa kwenye gari lako."

Injini ikanguruma nje. Mthamini alikimbia, funguo za gari lake zikimgonga pajani mfukoni. Getini hapakuwa na gari. Vumbi lilikuwa limepinda kushoto, njia ya shuleni, na saa ya kuwapitia wanawe ilikuwa imefika.