Tawi la Kobe

Kila siku baada ya masomo, Fagio ndiye aliyetangulia kuingia chumba cha kompyuta. Kompyuta zilikuwa sita, kongwe mno; nadhani moja ndiyo iliyoorodhesha wanyama wa safina ya Nuhu. Binti huyu aliitwa Fagio kwa kupenda usafi. Hata penseli za wenzake alizipanga bila kuombwa.

Klabu yao ilitengeneza programu ya kusoma vitabu kwa sauti, iliyo wazi kwa yeyote kuichukua na kuiboresha. Kila mmoja aliandika kwenye tawi lake, yaani nakala yake ya kufanyia kazi. Likishakaguliwa, liliunganishwa na shina, programu yenyewe.

Jumatatu mwalimu alimwagiza Fagio, "Panga matawi. Usifute lolote kabla ya kumuuliza mwenyewe."

Matawi yalikuwa arobaini. Fagio aliuliza, aliuliza, akachoka. Alipoona lililoitwa "jaribio la tatu," alisema, "Takataka!" Akalifuta.

Kesho yake Kobe, msichana mwandikaji wa polepole, alikuja akitweta. "Tawi langu la 'jaribio la tatu' liko wapi? Miezi mitatu, jamani! Na kompyuta niliyotumia iliungua!" Alikuwa akiandaa kitabu chenye sauti kwa ajili ya mdogo wake asiyeona, ili ajisomee kabla ya mtihani.

"Labda mtandao," Fagio alijibu. Wenzake walipotoka, alifuta folda yote ya mradi kwenye kompyuta yake, asijulikane.

Ijumaa yule mdogo alipapasa mlango. "Dada Fagio, kitabu changu kitasema lini?"

Fagio aliangua kilio, akakiri.

"Ungesema Jumanne!" mwalimu alisema. "Tawi likifutwa, kompyuta iliyolifuta hulihifadhi siku kadhaa. Folda iko wapi?"

"Nimeifuta, mwalimu."

Muuguzi mmoja wa mbali, aliyewahi kulichukua tawi hilo mtandaoni, aliwatumia nakala yenye kazi ya mwezi mmoja tu kati ya ile mitatu. Fagio na Kobe waliandika upya mengine, bega kwa bega, bila hata "habari za leo." Kitabu kilisema wiki mbili baada ya mtihani.

"Sauti tamu," mdogo alisema. "Ila mgeni amefika sahani zimeshaoshwa."

Kobe alimshika mkono ndugu yake, wakaondoka. Fagio alibaki akipanga viti.

"Viti viache, mwanangu," mwalimu alimwambia. "Kufuta bila kuuliza kulikuwa kosa, na kosa lile lilikuwa na dawa. Wewe ukaimwaga dawa ili usionekane mgonjwa. Ukikosea, sema mapema, kungali na cha kuokoa."