Kisu Katika Picha ya Wafuaji

Saa mbili asubuhi, Jumatatu tarehe 16 Machi 1868, mchoraji Anthime Gaudry alifungua karakana yake mjini Dole akakuta picha yake ya wafuaji wa nguo mtoni imepasuliwa kwa kisu. Siku hiyo ilikuwa isafirishwe Paris. Mara kumi na moja waamuzi wa maonyesho walikuwa wamemkataa, eti anachora matope na watu wasiostahili kuchorwa. Mwaka huu walikuwa wameahidi kumpokea.

Sajini Roussillat wa polisi alimshika njiani Perrine Jaillot, mfuaji aliyechorwa pichani, akiwa na furushi la nguo alizotoka kuzikusanya majumbani, akamleta karakanani. Mfuaji akifungwa, hata akitoka hakuna nyumba itakayompa nguo tena.

"Jana kanisani ulisema amekuchora kama nguruwe."

"Nilisema amenichora nilivyo, sajini. Nguruwe ni neno la mkeo."

"Mpeleke tu jela," alisema Vaubert, mwalimu wa kuchora aliyemfundisha Gaudry utotoni, aliyekuwa amefika kutazama. "Wa matope ni wa matope."

"Na wewe bwana, jana jioni ulikuwa wapi?" Sajini alimgeukia.

"Nyumbani! Mimi ni mtu wa penseli. Rangi ya mafuta sijaigusa miaka ishirini."

"Maji ya mto niliyapaka jana saa kumi na moja jioni," Gaudry alinong'ona. "Rangi bado mbichi."

Perrine aliutazama mpasuko. Kando yake rangi ya kijani ilikuwa imekokotwa, kama kwa mkono wa nguo. Akatua furushi, akalifungua sakafuni, akatoa shati jeupe. Kijani kwenye kikofi cha mkono kilinata kidoleni. Penye pindo palishonwa V kwa uzi mwekundu, alama ya mwenye nguo.

"Unapekua nguo zangu!" Vaubert alifoka.

"Nazifua miaka tisa, bwana mwalimu. Ulidhani uchafu wako unaonwa na nani, mto?"

Sajini alimkazia macho Vaubert. Mwalimu akamnyooshea Gaudry kidole.

"Mimi ndiye niliyemfundisha kushika penseli! Mara saba nimewapelekea waamuzi picha za miungu ya Wagiriki, wakanirudishia. Leo yeye aingie kwa magoti ya vibarua?"

Sajini alimwachia Perrine, akamkamata Vaubert.

"Usimtoe kwanza," alisema Gaudry, akitafuta mkaa wa kuchorea. "Mgeuze dirishani. Hatimaye ana uso wa kweli."

Vaubert alijifunika kwa viganja. Perrine akavishusha, taratibu.

"Tulia, bwana mwalimu. Mimi nilipiga magoti miezi miwili nikichorwa."